Nukta Nyekundu ya Saa Kumi

Mwaka wa 2001, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi alisimama mbele ya duka la vinywaji karibu na bandari ya Rumonge, akaomba mirija mia nne.

Ilikuwa saa ya soko. Wapagazi walipita na bidoni za njano za mafuta ya mawese, wanawake wa Gatete walikuwa wametandaza ndagala juu ya mikeka, na harufu ya samaki na ya mafuta ilijaa mpaka ndani ya maduka. Msichana aliyekuwa nyuma ya meza aliendelea kupanga chupa tupu kwenye kreti.

"Mirija mia nne," alirudia. "Na Fanta ngapi?"

"Hata moja."

"Kaka, murija hauuzwi peke yake. Anayenunua Fanta anapewa wake. Sasa wewe unataka kunywa nini na mirija mia nne? Ziwa?"

Mpagazi mmoja alitua bidoni yake ili acheke vizuri. Kijana hakucheka wala hakukasirika. Alijibu swali kama lilivyoulizwa.

"Sitakunywa kitu. Nataka upepo upite ndani yake."

Ndipo msichana alipoinua uso. Alikuwa na gauni la kitenge cha rangi ya haradali, mtandio wa bluu uliotelezea mabegani, na macho yenye wanja ambayo hayakuwa na haraka ya kumwacha mtu.

"Upepo," alisema.

"Ndiyo. Mirija yote iwe na unene mmoja na urefu mmoja. Rangi haina maana."

"Kwangu rangi ina maana. Nitakupa ya njano na nyeupe. Lakini kwa sharti: utanionyesha huo upepo wako."

Msichana huyo aliitwa Warda. Duka lilikuwa la baba yake, mzee Asmani, ambaye ukoo wake uliishi katika mtaa wa Waswahili wa Rumonge tangu enzi za Wabelgiji. Kijana aliitwa Lukeba. Alizaliwa Uvira, ng'ambo ya ziwa, akavuka na mama yake vita vilipoanza kule mwaka wa 1996. Akasoma fizikia Bujumbura, na sasa alikuwa mwalimu wa lise, shule ya sekondari ya pale. Kilichobaki ili amalize digrii yake kilikuwa kazi moja ya utafiti, ambayo wanafunzi wenzake waliiita memwari. Alikuwa akiifanya katika chumba alichopanga nyumbani kwa Mama Bora, Mkongomani mwenzake kutoka Fizi.

Warda alikwenda kukiona chumba hicho siku iliyofuata. Mama Bora aliuacha mlango wazi, akaketi kizingitini kuchambua mchele uliokuwa umeshachambuliwa.

Juu ya meza kulikuwa na sanduku refu la mbao lenye kioo upande mmoja. Mwanzoni mwake palifungwa feni. Ndani, katikati, ulitandazwa ukanda wa plastiki unaong'aa, mwembamba kuliko unywele.

"Usipumue karibu," Lukeba alisema.

"Nisipumue?"

"Pumua ukiwa umegeukia huko."

"Mama Bora, umesikia? Nimealikwa, kisha nimekatazwa kupumua."

"Vumilia, mwanangu," Mama Bora akajibu. "Mimi amenikataza kufagia."

Lukeba alieleza kwa utulivu, kama darasani. Huko Ulaya, chini ya ardhi, wataalamu walikuwa wakijenga mtambo wa kugonganisha chembe ndogo kuliko atomu, kwa nguvu ambayo ingeonyesha jinsi ulimwengu ulivyokuwa katika mwanzo wake kabisa. Karibu na mahali pa mgongano wangeweka vipande vya elektroniki vya kuona njia ya kila chembe. Vipande hivyo hupata joto, na vikipata joto sana huona vibaya. Maji yangevipoza, lakini maji yanahitaji mabomba, na bomba lolote husimama njiani mwa chembe na kuipotosha. Kwa hiyo swali lilikuwa: je, hewa peke yake inatosha? Profesa wake wa Bujumbura alikuwa akishirikiana na wataalamu hao, naye alimpa Lukeba sehemu yake ya swali. Upepo ukiwa kidogo, vipande vinaungua. Ukiwa mkali au wenye kujiviringisha, ukanda unaovibeba unatetemeka. Na ukitetemeka zaidi ya sehemu moja ya mia ya milimita, kila kitu ni bure.

"Mirija inaunyoosha upepo," alimaliza. "Unaingia umevurugika, unatoka umenyooka."

"Na hizo chembe ziko humu?"

"Humu kuna waya za kutoa joto tu, badala ya elektroniki. Lakini chembe zipo. Zinatoka juu angani. Fungua kiganja."

Warda alifungua kiganja chake, chenye hina iliyoanza kufifia.

"Karibu moja kila sekunde inapita hapo. Sasa hivi. Nyingine. Nyingine."

Alikitazama kiganja muda mrefu. Hakutabasamu.

"Haziumi?"

"Haziumi. Zinapita kwa kila mtu, zinapita paa, zinaingia ardhini."

"Hata kwa askari wa pozisyo, wa kambi ile pale juu?"

"Hata kwao."

"Na wale wa mulimani wanaopigana nao?"

"Nao pia."

Mama Bora aliacha mchele wake, naye akafungua kiganja.

Wiki hiyo walipanga mirija pamoja, mmoja juu ya mwingine, mpaka ikajaa mdomo wa sanduku kama sega la nyuki. Lukeba alibandika kipande kidogo cha kioo juu ya ukanda na kukimulika kwa kalamu ya mwanga mwekundu. Mwanga ulirudi na kuweka nukta kwenye ukuta wa mbali. Ukanda ukisogea kidogo tu usionekane kwa jicho, nukta ukutani ilisogea upana wa kidole. Waliwasha feni bila mirija: nukta ikarukaruka kama kumbikumbi. Wakaweka mirija: ikatulia, nyekundu, kama imechorwa.

Warda alishika mdomo kwa mkono.

"Mirija yangu," alinong'ona.

Tangu siku hiyo simu ya duka ilianza kulia kila saa sita mchana, wakati Lukeba aliporuhusiwa kutumia simu ya ofisi ya shule.

"Allo, duka la vinywaji?"

"Ndilo. Nani?"

"Muteja wa mirija."

"Ah, yule mulevi wa upepo. Leo unataka mingapi?"

"Leo nataka kujua umevaa mtandio gani."

"Na hilo ni la memwari?"

"Kila jambo lazima lipimwe, sheri."

"Wa kijani. Pima hilo, halafu uniambie kama usiku utalala."

Jambo moja tu walilizunguka bila kuligusa. Matokeo yakiwa mazuri, na yakimfikia profesa kabla ya mwisho wa Oktoba, Lukeba angepata nafasi ya mwaka mmoja katika maabara ile ya Ulaya. Yakikosekana, nafasi ingekwenda kwa mwingine.

"Kwa hiyo nukta ikisimama, unaondoka," Warda alimwambia siku moja, akiifuta meza mahali palipokuwa safi.

"Kwa mwaka mmoja."

"Nimesikia. Mwaka mmoja." Kisha akamwonyesha mirija kadhaa iliyopondeka, akaibadilisha na mingine aliyoitoa katika katoni mpya.

Shule ilifunguliwa, na Lukeba akaanza vipimo vyenyewe, joto na upepo kwa pamoja. Umeme mtaani ulikuwa wa kubahatisha, hivyo alitegemea betri ya gari iliyochajiwa kwa jenereta ya shule. Betri ilikuwa kuukuu; chaji ikilala usiku mmoja, haiamki. Ilibidi atoke nayo darasani, aifikishe nyumbani, aache sanduku lipate joto lake, na ndipo apime. Muda huo uliangukia saa kumi alasiri. Jumapili jenereta haikuwashwa.

Na saa kumi, kila siku, nukta ilianza kutetemeka.

Haikuruka kama siku ile ya kwanza. Ilitikisika kwa mapigo mafupimafupi yasiyo na mpango, ikitulia na kuanza tena. Alifunga madirisha kwa mablanketi. Alipunguza feni. Alikaza kila skrubu. Siku zilipita, na Oktoba ikafika nusu yake.

"Ulibadilisha mirija mingapi?" alimuuliza Warda alipokuja.

"Kama kumi na mitano. Ilikuwa imepondeka."

"Bila kuniambia."

"Nilikuambia! Ulikuwa unaangalia ukuta."

"Kabla ya hapo nukta ilikuwa imetulia. Baada ya hapo haijatulia tena."

"Unasema nimeharibu?"

"Nasema kilichobadilika ni mirija."

"Na nini kingine unasema? Maliza, Mwalimu."

Lukeba alitazama meza. "Nukta ikitulia, mimi naondoka. Wewe unalijua hilo."

Nje, Mama Bora alisitisha mchi hewani.

"Basi umemaliza," Warda alisema taratibu. "Mimi, Warda binti Asmani, nimekuja humu na mirija mibovu ili nikufunge miguu. Hivyo ndivyo ulivyopima."

Angeweza kukana. Hakukana, kwa kuwa hakuwa na ushahidi wa kukana. Warda alijifunga mtandio kichwani, akatoka, na kwa mara ya kwanza hakumuaga mtu.

Lukeba alitoa mirija yote na kuipima mmoja mmoja. Haikuwa na tofauti. Saa sita mchana alipiga simu.

"Nimepima mirija yote. Iko sawa."

"Kwa hiyo mirija imesamehewa. Na mimi?"

"Bado sijajua sababu ya mtetemo."

"Hapa ni duka la vinywaji, kaka. Hatuuzi sababu."

Simu ikakatwa.

Alhamisi ya wiki iliyofuata alirudi na betri yake kama kawaida, akapita katikati ya watoto waliocheza mpira wa majani ya migomba, akafunga mlango na kushusha mablanketi. Aliwasha feni, akawasha waya za joto, akaketi mbele ya ukuta na saa mkononi.

Saa kumi ilifika. Nukta ilisimama.

Alingoja. Ilisimama. Joto lilikuwa pale lilipotakiwa, upepo ulikuwa ule ule, na nukta nyekundu ilikaa ukutani bila kusogea hata upana wa uzi. Lukeba alisimama polepole, akiogopa kutikisa sakafu. Kwa miezi yote ile alikuwa akilisadiki jambo hili kwa hesabu. Sasa alikuwa akiliona. Ukanda mwembamba kuliko unywele ulikuwa umelala juu ya upepo, ukipozwa na kitu ambacho karibu hakipo, nao ulikuwa umetulia kuliko nyumba, kuliko yeye mwenyewe. Alihitaji nusu saa ya utulivu kama huo. Alichukua kalamu.

Hakuandika. Swali lilikuwa limemjia, naye hakuwa mtu wa kuruka swali. Leo nini kimebadilika? Mirija ni ile ile. Betri ni ile ile. Kwa nini leo?

Alizima feni ili asikilize. Hakusikia kitu. Hakusikia mpira, wala redio, wala Mama Bora. Ndipo alipotambua sauti iliyokosekana, sauti aliyolala na kuamka nayo tangu utoto hata akaacha kuisikia: michi. Mtaa mzima ulitwanga sombe saa hiyo. Kwa sababu ya kuvrefe, amri ya kutotoka nje usiku, kila mama alitaka majani ya muhogo yawe chunguni kabla ya jioni, hivyo vinu vyote viligonga ardhi kwa wakati mmoja. Leo hakuna aliyetwanga.

Hakuna aliyetwanga.

Alifungua mlango. Kinu cha Mama Bora kilikuwa uani, majani mabichi bado yamo ndani, mchi umeangushwa kando. Barabara ilikuwa tupu. Kiatu kimoja cha mtoto kilikuwa katikati ya njia.

Ndani, betri ilikuwa bado na nguvu na nukta bado imesimama. Utulivu aliouhitaji ulikuwa pale, mtimilifu, huenda usirudi tena kabla ya mwisho wa mwezi. Lukeba aliuacha. Alikimbilia dukani kwa Asmani, akakuta kufuli. Akakimbilia ziwani.

Watu walikuwa wamejaa ufukweni na magodoro, mbuzi, masufuria. Habari ilikuwa imeshuka kutoka Kizuka kwamba wapiganaji wametoka mlimani na wanakuja. Risasi hazikuwa zimesikika, lakini katika miaka ile hakuna aliyengoja kuzisikia. Mitumbwi miwili ya injini ilikuwa tayari, imeelekezwa Kigoma.

"Mwalimu!" Mama Bora alipiga kelele. "Tuligonga mulango wako mpaka mikono ikauma! Uko kiziwi?"

"Feni ilikuwa inawaka."

"Feni itakuzika, mutoto wangu!"

Mzee Asmani alikuwa ameketi juu ya kreti ya chupa, kofia yake nyeupe imenyooka. "Amahoro, Mwalimu. Unasafiri kwenda Kigoma au unasafiri kwa binti yangu?"

Warda alisimama nyuma yake, kitenge kimefungwa juu ya gauni, viatu mkononi. Alimtazama Lukeba: shati limechomoka, vumbi mpaka magotini, kalamu bado mkononi.

"Ni sombe," Lukeba alisema akihema.

"Nini?"

"Ni sombe, Warda. Mtaa wote unatwanga saa kumi. Vinu vinatikisa ardhi, ardhi inatikisa nyumba. Leo hawakutwanga, na nukta imesimama."

"Watu wanakimbia vita, wewe umekuja kuniambia habari za sombe?"

"Nimekuja kukuambia nilikosea. Vitu viwili vilibadilika kwa wakati mmoja, mirija na saa ya kupima. Nikalaumu kile kilichopita mikononi mwako. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakosei hivyo."

Aliona hayo hayatoshi, akatafuta mengine.

"Nilipofungua mlango, niliogopa. Sikumbuki kuogopa namna ile."

Warda alikitazama kiganja chake, kisha akamtazama Lukeba. "Nukta imesimama, umesema. Umepima?"

"Hapana."

"Ulikuwa na nusu saa yako, ukaiacha?"

"Nilikuja."

Mzee Asmani aligeuka kutazama ziwa kwa makini, kana kwamba amesikia injini.

Hawakuvuka. Kabla giza halijaingia ilijulikana kwamba waliokuwa wakishuka kutoka Kizuka walikuwa wakimbizi, wanaume kwa wanawake, ambao nao waliwaogopa wapiganaji. Watu walirudi majumbani wakilaumiana na kucheka kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Kesho yake saa kumi vinu viligonga, na nukta ikacheza. Lukeba aliitazama kwa kitu kinachokaribia furaha.

Zilikuwa zimebaki siku chache. Warda ndiye aliyekwenda mlango kwa mlango, akiwa na mtandio wa kijani.

"Jumatatu, kuanzia saa kumi, nusu saa, bila kutwanga," aliwaambia.

"Na kuvrefe?" wanawake waliuliza. "Sombe itaiva saa ngapi?"

"Twangeni mapema, au twangeni baadaye mbio. Au kuleni wali."

"Wali wa nani, binti Asmani? Wa baba yako?"

"Na hiyo nukta ikisimama," akauliza mama mmoja, "si ndiyo muchumba wako anaenda Ulaya?"

"Ndiyo," Warda alijibu.

"Na wewe ndiye unakuja kutuomba tunyamaze?"

"Ni mimi."

Mama yule alimtazama kidogo, kisha akauegemeza mchi wake ukutani.

Jumatatu walikuja uani kwa Mama Bora, Waislamu wa mtaa, Wakongomani wa Fizi, Warundi waliohamia kutoka Kabezi, kila mmoja na mchi wake, kwa kuwa hakuna aliyeamini kwamba mwenzake angevumilia. Waliingia wawiliwawili kuchungulia, wakapumua wakiwa wamegeukia mlangoni. Nukta ilikuwa ukutani, imesimama.

"Sasa hiki kikanda kinasimamishwa na nini?" Mama Bora aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia kanisani.

"Hakuna kinachokisimamisha. Upepo unapita juu yake na chini yake sawasawa."

"Upepo tu?"

"Upepo tu."

"Na huko chini ya ardhi wataona dunia ilivyoanza?"

"Wataona kipande kidogo cha mwanzo."

Mama Bora alitikisa kichwa. Nje, mtaa uliokuwa hautulii hata siku za msiba ulikuwa umenyamaza, na wanawake walikaa juu ya vinu vilivyopinduliwa, mikono mapajani, wakisikiliza feni. Lukeba aliandika, safu baada ya safu. Ukanda haukuvuka mpaka uliowekwa. Nusu saa ilipokwisha aliweka kalamu chini.

"Tayari," alisema. "Inatosha. Murakoze cane, asanteni sana."

Hakuna aliyeinuka. Walikuwa wakingoja jambo jingine, na yeye peke yake hakulijua. Warda alisimama mlangoni.

"Utaondoka lini?"

"Januari, kama watakubali." Alikunja karatasi zake, akazikunjua. "Tungeanza na ndoa ya komine, ile ya serikali. Kabla ya Januari."

"Hiyo ni taarifa au ni ombi?"

"Ni ombi."

"Basi omba vizuri. Mama zetu wanasikia, na sombe yao inachelewa."

Lukeba alinyoosha shati lake. "Warda, naomba unioe. Yaani, nikuoe."

Uani kilipasuka kicheko, kikanyamazishwa na Mama Bora kwa mkono mmoja.

"Sasa usinitazame mimi," Warda alisema. "Tazama ukuta. Ikiruka, ni ndiyo. Ikitulia, tafuta mwingine huko kwenye baridi."

Alitoka. Lukeba aligeuka akautazama ukuta. Nukta ilikuwa imetulia. Iliendelea kutulia, nyekundu, bila kutikisika, naye kwa mara ya kwanza aliuona utulivu huo kuwa kitu kibaya sana.

Kisha ikaruka, upana wa kiganja kizima.

Mara ikaruka tena, na tena, ikawa inacheza ukuta mzima, kwa kuwa wanawake wote walikuwa wameshika michi yao na jioni ilikuwa inakuja. Hapakuwa na namna ya kutenganisha pigo la mmoja na la mwingine. Lakini la kwanza lilikuwa la Warda; hilo Lukeba alikuwa na hakika nalo.